Jibu kwa Bi Mkasi

Bwana Mbarouk alinipa laini tano za simu
na majina matano ya watu wasiopata kuzaliwa.
"Waingize kundini," akasema, "wayasifu makaa."
Ilikuwa wiki yangu ya pili ya kazi,
chumba juu ya fundi baiskeli, Wete,
chini mtu anagonga rimu kutwa.

Nikamzaa Mama Nasra wa Gando.
Nikampa watoto sita, pumu, na jiko la udongo,
na asubuhi moja akaamka kifua chepesi
kwa baraka za makaa yetu ya vifuu.
Watu walimpenda. Walimwombea dua.

Kizuri chajiuza, nilifunzwa,
kibaya chajitembeza.
Sikufunzwa kuhusu kile kizuri kiasi
kinachotembezwa na watu wa hewa.

Kisha masika.
Oda za Chake, za Mkoani, hata Unguja.
Vifuu hudai siku tisa za jua; vikapata mbili.
Jumatatu alfajiri, mbele ya wateja mia tatu na arubaini,
Bi Mkasi Faki wa Konde akaandika:

    Mlisema ni makaa, hayana moshi abadi
    Nikawasha na kukaa, machozi yakanizidi
    Mtaa ukanijaa, kunihani kwa juhudi
    Semeni pasi hadaa, ni moshi ama ahadi?

Bwana Mbarouk alisoma akiwa wima.
"Mfute. Mlete Mama Nasra, aseme lake halina moshi."
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya jina la Bi Mkasi.
Lakini ubeti, kwetu, ukitupwa mlangoni
hauokotwi kwa ufagio.
Hujibiwa, kwa vina vilevile,
ama nyumba nzima huhesabiwa bubu.
Hilo hata yeye alilijua. Akakaa.
"Wajua kutunga?" akauliza, sauti ndogo.

Sijui. Nilihesabu kwa vidole, chini ya meza:

    Bi Mkasi si hadaa, ni pupa ilotuzidi
    Vifuu havikukaa, juani kama ahadi
    Gunia lisilofaa, tutalilipa nakidi

Wa nne ukanishinda.
Vina vilikuwepo, ukweli haukuenea ndani yake,
nikauandika kama ulivyo, miguu nje:
Magunia arubaini yaliyomo ghalani ni mabichi pia,
tafadhalini msiyanunue.

Kimya.
Bwana Mbarouk kashika kichwa, midomo yahesabu:
arubaini, mara bei, toa usafiri.

Kisha Shaame wa Micheweni,
ambaye hajapata kusema neno ila salamu za Ijumaa:
"Huo wa mwisho umevunjika mguu. Nipisheni."

    Ya sasa hayajafaa, ngojeni jua lizidi

Nimeusoma mara ngapi mstari huo.
Mteja ndiye aliyetumalizia ubeti wetu,
na neno alilolichagua ni ngojeni.
Wakangoja. Si wote;
kumi na wawili walidai pesa zao, wakapewa,
na mmoja alitutukana mpaka nikatafuta maana.
Bi Mkasi akatuma picha ya jicho jekundu:
"Nimeshahaniwa, nimepoa. Niwekeeni mawili,
makavu."

Siku ya kumi na moja dada yake wa Ole aliagiza.
Halafu wenye harusi Kiuyu, magunia tisa,
"tumeambiwa nyie mkikosea mwasema."
Hatukumtuma mtu Kiuyu.
Bwana Mbarouk aliuliza mara mbili nani kawaambia,
akitaka kumlipa.

Jana usiku kaingia mgeni, Zuwena, mwenye adabu zake:
"Mie wa Gando, naijua nyumba kwa nyumba.
Huyu Mama Nasra wa pumu ni wa mlango upi?
Mamangu ana dawa, nataka kumpelekea."

Rimu chini zimenyamaza.
Nimeanza kuhesabu vidole, nimeacha.
Hapa pasitafutwe vina.
Zuwena, dada yangu, naandika,
huyo mama,
huyo mama ni mimi.